Nina laki nane na kamera moja: ninunue lenzi gani kwa kazi ya habari?

MtotoWaMwaloni

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Mwanza, napiga picha za habari kwa kujitegemea. Gazeti linanilipa kwa picha iliyotoka, si kwa niliyopeleka, kwa hiyo kuna mwezi napeleka thelathini zinatoka nne. Kamera ni Canon 700D niliyouziwa na jamaa aliyekuwa anahamia Kigoma. Lenzi ni ile ile iliyokuja nayo, ya milimita 18-55, inayoanzia f/3.5 ikiwa pana na kuishia f/5.6 ukiivuta (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Betri moja, kadi moja. Basi.

Wiki ijayo ni zamu yangu kupokea mchezo, nitashika laki nane. Mke wangu amekubali hela yote iende kwenye lenzi, kwa sharti moja tu: nisije nikarudi nyumbani kusema nimekosea kununua. Ndiyo maana nauliza kwanza.

Kinachonisumbua ni hiki. Juni 2025 lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi nilikuwepo. Tuliwekwa nyuma ya kamba. Wenzangu wa vyombo vikubwa wana lenzi nyeupe, ndefu kama mchi wa kinu, mimi na 55 yangu nikaambulia jukwaa dogo kama kiberiti na visogo vya watu. Sikutoa hata picha moja.

Halafu kuna Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba. Napenda kwenda alfajiri dagaa wanaposhushwa, jua halijachomoza, taa za balbu zinaning'inia tu. Nikivuta hadi 55 kwa ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuona gizani), shata inashuka mpaka 1/20 ya sekunde na mchukuzi anatoka kama moshi. Nikipandisha ISO naona chenga kama nimemwagia mchanga. Vikao vya halmashauri ni hivyo hivyo, mapazia yamefungwa mchana kweupe.

Sasa kuna mtu hapa mjini anauza 70-200 f/2.8 ya zamani, si ya Canon wenyewe, milioni moja na laki mbili. Amesema nitangulize laki nane, iliyobaki nimalizie ndani ya miezi miwili. Moyo umeshaichukua, bado mfuko. Rafiki mmoja ananiambia 50 f/1.8, mwingine 85. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kishoka_77

Mkuu, mbona hili halina mjadala. 50mm f/1.8 STM, yaani yenye mota tulivu ya fokasi. Hata ikiwa mpya haifiki nusu ya hela yako, na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo ya kwako ikiwa f/5.6. Cartier-Bresson, yule mpiga picha maarufu wa Ufaransa, kapiga karibu maisha yake yote na 50, sisi ni akina nani? Inayobaki kula kuku na shemeji.

Hiyo 70-200 ya mkopo iache kabisa. Utalipa deni la lenzi kwa picha inayolipwa hela ya chipsi.

Babu Filamu

Kijana wangu wa Mwanza, pole na kazi. Nimekaa chumba cha habari hapa Dar miaka ishirini na ushee kabla goti halijanistaafisha, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Nianze na Kishoka. Ni kweli yule Mfaransa alipenda 50. Lakini 50 yake ilikaa kwenye Leica, filamu ya milimita 36 kwa 24. Sensa ya 700D, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, ni ndogo kuliko hapo, inakula kingo. Ukifunga 50 kwenye kamera hiyo, unaona kile ambacho sisi tulikiona kwa 80. Hiyo ni lenzi ya uso wa mtu. Ukitaka kuona kama alivyoona yeye, kwenye kamera yako unahitaji kitu cha 31 hivi. Nimewaona vijana wengi wamenunua 50 kwa sifa, wakienda kwenye chumba cha msiba mgongo umeshagonga ukuta na bado hawajamwingiza mama na mtoto kwenye fremu moja.

Sasa lile daraja. Siku ile mlikuwa wapiga picha wangapi nyuma ya kamba? Hamsini? Wote mnampiga mtu yule yule anakata utepe ule ule. Mhariri wako picha hiyo anayo tayari, kutoka kwa mwajiriwa wake, na nyingine kaletewa bure na watu wa mawasiliano. Wewe unalipwa kwa iliyotoka. Mbona umepeleka maji ziwani? Ningekuwa na umri wako ningeigeuzia kamba mgongo. Pale palikuwa na kivuko, na kwenye foleni ya kivuko palikuwa na watu wanauza samaki wa kukaanga, mahindi, maji ya kunywa. Daraja likifunguliwa foleni imekufa. Mama yule kesho anamuuzia nani? Picha hiyo hakuna mwenye mchi mweupe aliyeipiga, na ungeipiga na hicho hicho ulichonacho kikiwa 24, mita mbili kutoka kwake, baada ya kumwamkia na kununua sangara kipande.

Sisemi hivyo kwa sababu naonea wivu lenzi ndefu. Nilianza na Nikon FM2 na lenzi mbili, 35 f/2 na 105 f/2.5, zote za kuzungusha kwa mkono. Filamu ya ISO 400, picha 36 kwa mkebe, na mhasibu anahesabu mikebe kama mayai. Ile 105 niliipenda kuliko ile 35. Nilikuwa naifuta kila Ijumaa. Lakini nilipostaafu nikapitia vipande vyangu vya gazeti kwenye boksi, nilivyovikata mwenyewe kwa mkasi, na nyingi mno zilikuwa za 35. Sikuamini. Kwa hiyo nakupa kazi kabla hujampa mtu senti: tafuta mafaili ya picha zako zote ZILIZOTOKA gazetini, si ulizopeleka. Kila faili limeandika ndani yake lenzi ilikuwa kwenye milimita ngapi. Kwenye kompyuta ya Windows bofya kulia, fungua sifa za faili, nenda kwenye maelezo, utakuta urefu wa fokasi. Andika kwenye daftari. Ukimaliza daftari ndilo litakalokuambia, si mimi wala Kishoka.

Kuhusu chenga, umejitisha bure. Gazeti ni vidoti vya wino kwenye karatasi inayonyonya. Piga ISO 3200 bila woga, ila upime mwanga sawasawa papo hapo. Chenga mbaya ni zile unazozitengeneza mwenyewe, ukipiga giza kisha ukaja kuangazia kwenye kompyuta. Mhariri anaipokea picha yenye chenga. Iliyotikisika anaitupa.

Na hesabu yake ni hii. Ulikuwa f/5.6, ISO 1600, shata 1/20. Lenzi ikifunguka f/2.8 unapata mwanga mara nne, yaani 1/80. Ongeza ISO iwe 3200, umefika 1/160. Mchukuzi wa dagaa amesimama, hata kama anatembea. Usidanganywe na kizuia mtikisiko katika hili, hicho kinatuliza mkono wako wewe, hakimzuii mchukuzi asipite.

Mimi ningeangalia lenzi ya Tamron 17-50 f/2.8, ile ya mwanzo ya 2006, isiyo na kizuia mtikisiko. Iliyotumika, kwa Canon. Inafunguka f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Si nzuri ya kutazama na mota yake inapiga kelele, ila kioo chake ni kizuri kuliko bei. Kwa nini zumu, lenzi ya kuvuta, na si lenzi mbili zisizovutika? Kwa sababu una bodi moja, yaani kamera moja. Mwenye bodi mbili anaweza kuning'iniza 24 bega hili na 85 bega lile. Wewe utakuwa Mwaloni, magamba hewani, vidole vina mafuta ya dagaa, unafungua mdomo wa kamera ili ubadilishe lenzi, na wakati huo mtumbwi umeshashusha. Watu wanauza lenzi kwa ukali wa kioo tu, hawasemi habari ya sekunde ishirini za kubadilisha.

Inayobaki usiimalize. Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, hakufikishwa Korem, kwenye njaa ya Ethiopia ya Oktoba 1984, na lenzi. Alifikishwa na vibali, usafiri na watu aliowajua. Weka ya nauli ya Ukerewe na ya betri ya pili.

Kishoka_77

Mzee shikamoo. Nimekubali 50 ni 80 kwenye kamera yake, hapo umenikamata. Ila f/1.8 bado inaingiza mwanga mara mbili na zaidi ya f/2.8. Alfajiri hiyo ndiyo tofauti ya 1/50 na 1/125. Hilo nalo ulipe haki yake.

Babu Filamu

Marahaba. Nalipa haki yake. Akibakiwa na hela anunue na hiyo 50, ni ndogo, inaingia mfuko wa shati. Lakini iwe ya pili.

NuruYaPwani

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, kazi ndiyo hii hii, mwaka wa tisa sasa.

Mzee nakuheshimu, na la kugeuka nyuma nalikubali kwa mikono miwili. Lakini hili la "mita mbili" linasemwa kirahisi sana na wanaume. Mimi nikijipenyeza kwenye umati pale Mwembe Tayari, kabla sijanyanyua kamera mkono wa mtu umeshafika pasipostahili, na mwingine uko kwenye mkoba. Kwenye maandamano hali ni hiyo na moshi wa kutoa machozi juu yake. Kuna siku umbali ndio usalama wenyewe. Kwa hiyo usimfundishe kijana kwamba lenzi ndefu ni ya wavivu, hata kama hujasema hivyo hasa.

Ila ndefu si lazima iwe ile nyeupe. Mimi natembea na Canon EF-S 55-250 STM. Gramu 375, nyepesi kuliko chupa ya maji ya nusu lita, nyeusi, haimtishi mtu wala haimwiti mwizi. Kwenye sensa kama ya 700D ile 250 inaona kama 400. Ubaya wake ni f/4 mpaka f/5.6, basi jua likizama naiweka mkobani. Mchana uwanjani, jukwaa la mkutano, mashua za ngalawa zikishindana, inatosha kabisa. Na iliyotumika hapa kwetu naiona ikiuzwa chini ya nusu ya hela yako, MtotoWaMwaloni. Usichanganye na 75-300, ambayo bei yake itakutongoza. Hiyo haina kizuia mtikisiko, na ukiivuta hadi mwisho picha inalainika kama ugali wa jana. Nimewahi kuwa nayo, najua ninachosema.

Na sasa niseme la kununua vitu vilivyotumika, maana hapa ndipo mimi niliumia. Mwaka fulani nilinunua 85 f/1.8 duka moja Nairobi, silitaji. Muuzaji akanipa mbele ya dirisha, jua limejaa, nikaitazama kwa mbele inang'aa, nikalipa. Wiki ya pili napiga mahojiano, taa iko nyuma ya mzee, picha nzima imekuwa maziwa. Nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye kioo cha kati kama mizizi ya nyasi. Fangasi. Niliporudi dukani nikaambiwa wakati inatoka ilikuwa safi. Fundi alinitajia bei ya kuisafisha, nikaona heri ninunue nyingine.

Kwa hiyo usikubali kuitazama mbele ya dirisha. Ondoa vifuniko vyote viwili, ingia kwenye kivuli, washa tochi ya simu, mulika kwa nyuma ukitazama kwa mbele, mshazari mshazari, si moja kwa moja. Kisha geuza. Vumbi punje mbili tatu lisikutie hofu, kila lenzi ina vumbi. Unachotafuta ni nyuzi, au ukungu uliotanda kama pumzi kwenye kioo isiyokauka. Sisi wa pwani na ninyi wa ziwani tuna unyevu, fangasi wanatupenda. Halafu ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, usikubali kamera ya muuzaji, fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, kisha cha karibu, mara kumi, usikilize kama inasita. Piga gazeti lililobandikwa ukutani kwa f/2.8, kisha kwa f/8, ukuze picha kwenye kioo cha kamera, pembe zote nne. Kona moja ikiwa imelainika na nyingine tatu zina ukali, lenzi hiyo huenda ilishaanguka. Tikisa sikioni. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Ukishaipata, ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Si mchele, tafadhali. Mchele una unga.

FundiHarusi

Wakuu mimi ni wa harusi, si wa habari, ila niko Mwanza pia, nimeona nichangie.

70-200 f/2.8 ninayo, ya Canon yenyewe. Ijumaa hadi Jumapili iko kazini. Jumatatu mpaka Alhamisi imelala kabatini na mimi nimelala kwenye kochi. Wapiga picha wa harusi wengi wako hivyo. Mtu kama MtotoWaMwaloni anahitaji lenzi ile mara ngapi kwa mwezi? Ziara ya kiongozi moja, mechi mbili. Mimi namkodisha mtu ninayemfahamu kwa elfu thelathini kwa siku, anaacha kitambulisho na mdhamini, na ikirudi namulika kwa tochi mbele yake kama dada wa Mombasa alivyosema. Kwa milioni na laki mbili unaikodi siku arobaini. Na deni hulali nalo.

Kikwazo ni mechi za Jumamosi pale CCM Kirumba. Siku hiyo siitoi hata kwa shemeji.

Halafu ipime uzito kwanza. Hizi ni kilo moja na nusu hivi. Kwenye bodi ndogo kama 700D utakuwa unashika lenzi, kamera inaning'inia nyuma kama mkia.

MtotoWaMwaloni

Wakuu nashukuru sana. Dada wa Mombasa asante, yule jamaa wa 70-200 nilimwomba niitazame kwenye kivuli, akaniambia ana haraka. Mzee Babu Filamu shikamoo.

Nimefanya ile kazi ya daftari. Imenichukua jioni mbili kwa sababu mafaili yalikuwa yamesambaa kwenye flashi tatu. Miezi kumi na minne, picha zilizotoka ni 58. Zilizopigwa kati ya 18 na 28 ni 39. Za 55, yaani nimevuta mpaka mwisho, ni 12. Saba zilizobaki ziko katikati.

Nilipozitazama hizo 12 za mwisho, kumi ni viongozi kwenye kipaza sauti. Na kusema kweli zote zinafanana, ukibadilisha majina hakuna atakayegundua. Hizo 39 ndizo watu huwa wananipigia simu. Moja ni ya machinga wa Makoroboi akifunika bidhaa na mvua, nilikuwa 18, maji yananirukia mimi mwenyewe.

Kitu kimoja sikukitegemea: nilipekua na zilizokataliwa za Mwaloni. Nilizopiga kwa 55 karibu zote zimetikisika. Za 18 nyingi ziko salama, kwa sababu pale lenzi inafunguka f/3.5. Kumbe nilikuwa navuta kwa woga wa kusogea, halafu kuvuta kwenyewe kunanipunguzia mwanga.

Babu Filamu

Marahaba kijana. Hapo kwenye woga umeandika jambo ambalo mimi nililijua nikiwa na miaka arobaini.

NuruYaPwani, umenikosoa na nimekosoleka. Enzi zetu dada wawili tu walikuwa wanatoka na kamera pale ofisini, na sikuwahi kuwauliza kwa nini wanasimama mbali.

NuruYaPwani

Nimepokea mzee. Na wewe MtotoWaMwaloni, nenda kaichukue hiyo 17-50 ya mzee, 55-250 isubiri mchezo ujao. Kwa daftari lako hilo huwezi kuitetea mbele ya mkeo.

MtotoWaMwaloni

Wiki tatu zimepita, narudisha mrejesho kama ada.

Nimeipata Tamron 17-50 kwa mwanafunzi mmoja aliyemaliza chuo, laki nne na ishirini. Alitaka laki tano. Nilimulika kwa tochi kwenye ngazi za hosteli yao mpaka mlinzi akaja kuuliza tunafanya nini. Vumbi lipo, nyuzi hakuna. Nimepiga gazeti ukutani, pembe nne ziko sawa, ingawa kwa f/2.8 kona zinalainika kidogo. Naishi nazo.

Betri ya pili, LP-E8 isiyo ya Canon, elfu thelathini na tano. Inaisha mapema kuliko ya kwanza lakini inaniokoa. Kadi moja, elfu thelathini. Imebaki laki tatu na elfu kumi na tano. Mke wangu anaishika yeye, mimi naomba nauli.

Mwaloni nimekwenda mara nne. f/2.8, ISO 3200, shata 1/160, kama mzee alivyopiga hesabu. Mara ya kwanza sikuamini kioo cha kamera, nikaenda kufungua kwenye kompyuta ya jirani. Mchukuzi amebeba ndoo kichwani, maji yanachuruzika, tone moja moja linaonekana. Ile imetoka, ukurasa wa ndani, safu tatu. Imekatwa upande wa kushoto palipokuwa na kitu kizuri kuliko vyote, mtoto amelala juu ya magunia, lakini jina langu lipo.

Fundi, ile 70-200 nimeikodi kwako siku moja, nashukuru hukunidai mdhamini wa pili. Nilikwenda nayo kwenye ziara. Nimepata uso wa kiongozi safi kabisa, unyoya wa nyusi unahesabika. Haikutoka.

Sasa nina swali jipya. Mzee ulisema mota inapiga kelele, sikujua ni kelele kiasi hiki. Inalia kama cherehani ya mguu. Juzi kwenye kikao tulisimama dakika moja kumkumbuka diwani aliyefariki, ukumbi kimya, mimi nikabonyeza shata nusu ili nifokasi. Zzzii-zzzii. Ukumbi mzima uligeuka, na mwenyekiti akafumbua macho akanitazama mpaka dakika ikaisha. Nifanyeje?

Kishoka_77

Nimecheka mpaka nimemwaga chai. 50 STM isingekuaibisha hivyo, naacha hapo.

Babu Filamu

Pole. Mimi kelele ya FM2 ilinitoa kanisani mara mbili.

Ingia kwenye menyu ya 700D, sehemu ya mipangilio maalumu, tafuta inayohusu kitufe cha shata na kufunga mwanga. Unaweza kuhamishia fokasi kwenye kile kitufe cha nyota, nyuma, kwenye kidole gumba. Ukishaizoea, unafokasi watu wakiwa bado wanaburuta viti kusimama, kidole unakiondoa, na ukimya ukianza unabonyeza shata peke yake, mota hailii. Usisogee mbele wala nyuma, maana ukisogea fokasi imekwenda. Au sukuma swichi ya pembeni ya lenzi iwe ya mkono, ni hivyo hivyo. Na usiweke vidole kwenye pete ya mbele lenzi ikiwa inafokasi yenyewe, kwenye hiyo Tamron pete inazunguka pamoja na mota, ukiizuia utaiua.

Hiyo picha iliyokatwa mtoto, nitumie nzima nikaione.